Tremolo na unene wa nyuzi: 9, 10 au 11?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Gitaa langu la umeme lina tremolo ya skrubu sita, ya mtindo wa Stratocaster, na lilikuja na nyuzi namba 9. Napiga rithim zaidi, soli kidogo, na mkono wa tremolo nautumia kutikisa akordi tu. Nyuzi nene zilikuwa zinalegea nikipiga kwa nguvu, nikaweka seti ya 10. Sasa daraja limeinuka nyuma, nyuzi ziko juu, na nikityuni uzi mmoja nyingine zinaharibika. Halafu nilitarajia nyuzi nene zishike tyuni vizuri zaidi, lakini sioni tofauti. Tremolo inataka namba gani hasa?"

Habari ni njema, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho: tremolo, yaani daraja linalosogezwa kwa mkono wa chuma, haina namba yake. Daraja la gitaa lako halijui nyuzi zina unene gani. Linachojua ni nguvu mbili zinazolivuta, mbele nyuzi sita, nyuma springi zilizofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Ni mchezo wa kuvuta kamba. Wewe umeongeza watu upande wa nyuzi, upande wa springi umeuacha vilevile, ndiyo maana daraja limesogea.

Na hukuongeza kidogo. Kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 25.5 (milimita 648), seti ya kawaida ya 9, yaani 9, 11, 16, 24, 32 na 42, zote elfu za inchi, ikityuniwa kawaida inavuta jumla ya kilo 38 na nusu hivi. Seti ya kawaida ya 10, yaani 10, 13, 17, 26, 36 na 46, inavuta karibu kilo 47. Ni kilo nane na ushee zimeongezeka juu ya springi zilezile. Ukiangalia uzi wa kwanza peke yake, wa 9 unavuta kama kilo 5.9 na wa 10 kilo 7.3. Watu hushangaa kwamba elfu moja ya inchi inaleta yote hayo, lakini mvuto haufuati unene wa uzi moja kwa moja. Unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe. Ukitoka 9 kwenda 10 umepanda karibu asilimia 23.

Kwa hiyo kabla ya kuhukumu hizo nyuzi za 10, liweke daraja sawa kwanza. Gitaa lililokaa vibaya hudanganya: nyuzi zilizoinuka huonekana ngumu kuliko zilivyo, na ungeweza kuzitupa bure.

Geuza gitaa, fungua kifuniko cha nyuma. Utakuta springi, kwa kawaida tatu, ingawa nafasi zake ni tano. Upande mmoja zimenasa kwenye kipande kinene cha chuma kinachoning'inia chini ya daraja. Upande wa shingo zimenasa kwenye bamba dogo lenye meno, nalo limeshikwa na skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Kuna waya mwembamba umechomelewa kwenye bamba hilo. Huo ndio unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme wa gitaa ili pikapu, vile vinasa sauti vya gitaa, zisingurume, kwa hiyo bisibisi isiuguse. Skrubu hizo mbili ndizo dawa yako. Ukizikaza, springi zinavuta zaidi na mgongo wa daraja unashuka. Ukizilegeza, mgongo unapanda.

Wengi hufika hapo wakaanza kuzunguka: kaza kidogo, tyuni, angalia, kaza tena. Ukityuni uzi wa sita daraja linainama mbele na nyingine tano zinashuka. Ukifika wa kwanza, wa sita umeshaharibika. Jioni nzima inaisha hivyo. Ipo njia fupi, na sijui kwa nini haifundishwi zaidi.

Tafuta kadi nne ngumu za plastiki, za saizi ile ya kadi ya benki, zilizokwisha muda wake. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, nne zinakupa milimita tatu, na huo ndio mwinuko ambao Fender wenyewe, watengenezaji wa Stratocaster, huelekeza nyuma ya daraja linaloelea (lisilolala juu ya mwili) la aina hii. Legeza nyuzi zote kidogo, sukuma kadi chini ya mgongo wa daraja, kati ya chuma na mwili wa gitaa. Kisha kaza zile skrubu mbili kwa zamu, raundi tatu au nne kila moja, mpaka springi zishinde kabisa na daraja likandamize kadi. Kwa muda huo gitaa lako halina tremolo; lina daraja lililosimama imara. Sasa tyuni. Utaona uzi mmoja hauharibu mwingine, maana daraja haliendi popote. Zivute nyuzi kwa kidole kutoka kwenye freti ili zilegee zinavyotaka kulegea, tyuni tena, rudia mpaka tyuna iseme zimetulia.

Hapo ndipo penye utamu. Anza kulegeza skrubu, robo raundi upande huu, robo upande ule, na kila mara zitikise kadi. Mwanzoni zitakuwa zimebanwa kabisa. Itafika robo raundi moja ambapo kadi zinateleza kutoka kwa msuguano mdogo tu. Simama hapohapo. Wakati huo springi na nyuzi zinavutana sawa, daraja liko kwenye kimo unachokitaka, na nyuzi ziko kwenye sauti yake. Toa kadi, sahihisha tyuni kidogo, umemaliza. Ikiwa bamba la springi limefika ukutani na bado springi hazijashinda, ongeza springi ya nne uanze upya.

Kuhusu idadi ya springi, usiniulize ngapi ni sahihi, niulize unataka mkono uweje. Springi tatu zilizovutwa sana na nne zilizovutwa kidogo zinaweza kutoa mvuto uleule zikiwa zimetulia, lakini hazifanani ukianza kusukuma. Nne ni ngumu zaidi kwenye mkono, na ukivuta uzi kwa kidole daraja linasogea pungufu ya vile lingesogea kwa tatu. Tatu ni laini, zinatikisika kirahisi. Hapa pana jambo ambalo wanaohamia nyuzi nene hawaambiwi: kwenye daraja linaloelea, ukiongeza unene bila kuongeza springi, ule ubaya wa nyuzi nyingine kushuka unapovuta uzi mmoja unazidi kidogo. Uzi mnene ukivutwa unalivuta daraja kwa nguvu zaidi, na springi ni zilezile. Mpiga soli anayevuta nyuzi mbili pamoja atalisikia hilo mapema. Wewe wa rithim huenda usilitambue kabisa. Kwa seti ya 10 na mtikiso wa akordi, mimi ningebaki na tatu.

Baada ya daraja, angalia mambo mawili kwa haraka. Uzi usiosokotwa ukiwa mnene zaidi hutaka urefushwe kidogo, kwa hiyo linganisha sauti ya uzi uliobonyezwa freti ya 12 na ile ya kuugusa tu juu ya freti hiyohiyo. Ule uliobonyezwa ukiwa juu, rudisha nyuma kile kipande ambacho uzi hulalia darajani. La pili ni shingo. Kilo nane za ziada zinaivuta iiname mbele. Bonyeza uzi wa sita freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama mwanya kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Robo ya milimita inatosha. Ukizidi sana, fimbo ya chuma ndani ya shingo inahitaji kukazwa, robo raundi kwa mara moja, si zaidi.

Sasa nije kwenye hilo la kushika tyuni, maana limekusumbua na lina imani nyingi za vijiweni. Uzi mnene haushiki tyuni kwa sababu ni mnene. Tremolo ikitumika, kila uzi unateleza huku na huku mahali pote unapogusana na kitu: pale unapolalia darajani, kwenye kile kipande chenye mifereji mwanzo wa shingo ambacho mafundi hukiita nati, chini ya vile vishikizo vidogo vya kichwani, hadi kwenye funguo. Palipo na msuguano, uzi unakwama, na uliokwama haurudi ulikotoka. Mara nyingi mkosaji ni nati. Na hapo nyuzi zako za 10 zinaweza kuwa zimeleta shida badala ya dawa, kwa sababu mifereji iliyokatwa kwa nyuzi za 9 inazibana za 10, hasa ule wa uzi wa tatu na zile zilizosokotwa.

Unaweza kujipima mwenyewe. Tyuni uzi wa tatu kwa upole. Ukisikia "tik" ndogo kutoka kwenye nati na sauti ikaruka badala ya kupanda polepole, umekwama. Kipimo cha pili: kandamiza mkono wa tremolo mpaka chini, uachie, utazame tyuna. Uzi ukirudi juu ya sauti yake, nati inaubana: ulipolegea, kipande cha uzi kilichoko kichwani kiliuvuta kidogo upande wake, halafu haukuweza kurudi. Sasa uvute uzi kwa kidole kama unapiga soli, uachie. Ukirudi chini ya sauti yake, ni nati ileile ikifanya kosa kinyume. Wapigaji wengi wa zamani wa tremolo wana tabia wasiyoielezea kwa mtu: wakimaliza kukandamiza mkono, wanaunyanyua mara moja juu kidogo. Hawapambi sauti pale. Wanaurudisha uzi mahali pake.

Dawa ya kwanza ni risasi ya penseli laini ndani ya mfereji. Isiposaidia, mfereji unahitaji kupanuliwa kwa tupa yake maalumu yenye unene wa uzi huo, na hiyo kazi mpe fundi. Mfereji ukikatwa chini zaidi ya inavyotakiwa, uzi utagonga freti ya kwanza daima na nati itabidi ibadilishwe. Na kwenye ufunguo, mizunguko miwili au mitatu inatosha. Mizunguko saba ni akiba ya kulegea.

Kuna imani nyingine kwamba nyuzi nyembamba zinashuka zaidi ukikandamiza mkono. Hili linafurahisha kulijaribu. Kama daraja lako linaelea kwa milimita tatu, vuta mkono juu mpaka mwisho usikilize nyuzi tatu za mwanzo moja moja. Uzi wa tatu utapanda kama toni moja na nusu, wa pili kama toni moja, wa kwanza kama nusu toni. Badilisha seti kutoka 9 kwenda 10, weka daraja kwenye kimo kilekile, utapata karibu majibu yaleyale. Kwa uzi usiosokotwa, badiliko la sauti kwa kiasi fulani cha kuvutwa linategemea sauti uliyotyuniwa, si unene wake: ulio na sauti ya chini hubadilika zaidi. Ndiyo maana uzi wa tatu huwa mtukutu kwenye kila gitaa lenye tremolo, na kuufanya uwe 16, 17 au 18 hakumtulizi. Unene unachobadilisha ni nguvu utakayotumia kwenye mkono, kwa sababu nyuzi nene ni ngumu kurefusha. Wapo wanaoweka uzi wa tatu uliosokotwa. Sauti ya huo hubadilika pungufu ya ule usiosokotwa, lakini kuuvuta kwa kidole ni kazi nyingine, na sikushauri.

Basi uchague nini? Tazama mkono wako na sauti unayotyuni, halafu springi zifuate. Malalamiko yako yalikuwa kwenye nyuzi nene tu. Za juu hukuzilalamikia. Kwa hiyo kuhama seti nzima kwenda 10 kulikuwa kujibu zaidi ya ulivyoulizwa. Ziko seti za mseto, 9, 11, 16, 26, 36 na 46. Zile tatu za chini ni zilezile za seti ya 10, za juu ni za seti ya 9, na jumla yake ni kilo 43 hivi, katikati kabisa. Rithim inapata besi isiyolegea, soli zako chache zinabaki laini, na mkono wa tremolo haukazi sana. Ubaya wake ni kwamba ukishuka kutoka uzi wa tatu kwenda wa nne utahisi ngazi chini ya vidole, na kwa akordi zinazopigwa kwa nguvu besi inaweza kutawala. Mimi ningekuwa wewe, ningezipiga hizi za 10 mpaka zichakae, kisha ninunue mseto, nilinganishe kwa mkono wangu mwenyewe.

Kama bendi yenu hutyuni chini, hesabu inageuka. Ukishusha nyuzi zote nusu toni, mvuto unapungua asilimia 11; ukishusha toni nzima unapungua kama asilimia 20. Seti ya 10 iliyoshushwa toni nzima inavuta karibu sawa na ya 9 isiyoshushwa. Seti ya 11–49 iliyoshushwa nusu toni inakaribia sana ya 10–46 ya kawaida. Kwa mwenye daraja linaloelea hii ni faida kubwa: ukipanda namba moja na kushuka nusu toni, huenda usihitaji zaidi ya kugusa zile skrubu. Watu hupenda kumtaja Stevie Ray Vaughan, yule mpiga gitaa wa blues, na nyuzi zake za 13, na wengi hujiumiza vidole kwa kumwiga. Huwa hawataji kwamba gitaa lake lilikuwa limeshushwa nusu toni. Bado zilikuwa nzito, lakini si nzito kiasi hicho. Na gitaa lenye urefu mfupi wa inchi 24.75 linavuta pungufu ya asilimia sita hivi kwa nyuzi zilezile, kwa hiyo 10 ya huko si 10 ya kwako.

Kitu kingine: ukishapata seti unayoipenda, baki na kampuni na aina hiyohiyo. Seti mbili zilizoandikwa 10–46 zinaweza kuwa na waya wa ndani wa unene tofauti kwenye nyuzi zilizosokotwa, na daraja linaloelea litalitambua hilo kabla ya sikio lako. Badilisha uzi mmoja mmoja, au weka zile kadi kabla ya kutoa zote.

Na kama huna haja ya kupandisha sauti kwa mkono, uko huru kulilaza daraja juu ya mwili: kaza springi mpaka mgongo ukae chini na ubaki hapo hata ukivuta uzi. Mkono utashuka tu, hautapanda. Lakini ukivuta uzi mmoja nyingine hazishuki, na uzi ukikatika katikati ya wimbo unamaliza wimbo. Hapo unene wa nyuzi unakuwa suala la vidole vyako peke yake. Mpiga gitaa Eric Clapton alienda mbali zaidi, akaweka kipande cha mbao nyuma ya daraja lisiende popote.

Wenye tremolo za aina nyingine wataniuliza, kwa hiyo kwa ufupi. Floyd Rose hufuata mizani ileile na ujanja uleule wa kadi, ila fungua kwanza vifungio vya nati, na skrubu ndogo za kutyuni darajani ziache katikati ya mwendo wake kabla ya kufunga tena. Usipandishe wala kushusha zile nguzo mbili nyuzi zikiwa zimekaza, utakula makali ya daraja. Bigsby ina springi moja chini ya mkono na hupendelea 10 au 11. Nyuzi nyembamba mno zinalalia daraja kwa kulegea. Gitaa za Fender, Jazzmaster ya 1958 na Jaguar ya 1962, zilibuniwa enzi nyuzi za dukani zilipokuwa nene, na nyuzi zake hupita darajani kwa pembe ndogo sana. Weka 9 humo na uzi utaruka kutoka kwenye mfereji wake ukipiga kwa nguvu. Anzia 11.